Sura ya 6: Umesakinisha Programu, Imekwenda Wapi?

Swali hili huulizwa na karibu kila kijana anayekabidhiwa seva ya Linux kwa mara ya kwanza. Ameandika amri ya kusakinisha, mistari imepita mbio kwenye skrini, na mwisho ameambiwa kazi imekamilika. Anatafuta. Haoni kabrasha jipya lenye jina la programu, wala alama ya kubofya. Aliyezoea Windows hufungua Program Files na kukuta sehemu kubwa ya programu humo. Kwenye Linux anaokota kipande hapa, kipande pale, na kingine mahali ambapo hakupadhania kabisa. Anaishia kusema kwamba waliounda mfumo huu hawana utaratibu.

Utaratibu upo, na ni wa makusudi. Katika sura hii tutautazama kupitia aina moja ya programu ambayo huutumia wote: programu ya kuandaa seva katika taasisi kubwa. Kwanza maneno mawili ya kutuongoza. Saraka ni kabrasha la kuwekea mafaili na makabrasha mengine. Njia ya faili ni mfululizo wa majina ya saraka unaoanzia kwenye mzizi wa mfumo na kutenganishwa kwa mkwaju, kama /etc/cobbler.

Hoja ya sura nzima ni hii: mpangilio wa saraka ni makubaliano ya umiliki. Unakueleza ni nani mwenye haki ya kubadilisha faili lililo mbele yako: aliyetengeneza programu, wewe msimamizi, au programu yenyewe ikiwa kazini. Msimamizi anayejua hilo anajua pia nini cha kuhariri, nini cha kutunzia nakala, na nini cha kufuta bila wasiwasi.

Programu ya kuandaa seva hufanya nini?

Mashine mpya hufika ikiwa tupu, haina mfumo endeshi. Mwenye mashine moja huchomeka flashi, hujibu maswali ya lugha, saa, diski na nywila, kisha husubiri. Benki au chuo kikuu chenye mashine mia mbili hakiwezi kwenda hivyo, na tatizo si muda peke yake. Mtu akijibu maswali yale yale mara mia mbili, mahali fulani atajibu tofauti. Tofauti hiyo itajitokeza miezi kadhaa baadaye, kwenye mashine moja, na hakuna atakayekumbuka chanzo chake.

Programu ya kuandaa seva huyajibu maswali hayo kwa niaba ya mtu, kila mara kwa namna ile ile. Hatua zake ni hizi:

1. Mashine tupu inawashwa. Kadi yake ya mtandao ina uwezo uitwao PXE, yaani kutafuta cha kuanzia mtandaoni badala ya kwenye diski. Toleo la 2.1 la maelezo ya PXE lilitolewa na Intel mwaka 1999, nalo ndilo lililoenea.
2. Huduma ya DHCP, ambayo kazi yake ni kugawa anwani mtandaoni, huipa mashine anwani na kuielekeza: faili lako la kuanzia liko kwenye seva fulani, jina lake ni hili.
3. Huduma ya TFTP, msafirishaji wa mafaili asiyeuliza nywila, huileta programu ndogo ya kuanzishia. Baada yake huleta kerneli, ambayo ni kiini cha mfumo endeshi, pamoja na furushi dogo la vifaa vya kuanzia liitwalo initrd.
4. Kisakinishi huamka. Kwa HTTP, njia ile ile inayoleta kurasa za wavuti, huchukua faili la majibu na vifurushi vyote vya programu. Katika familia ya Red Hat, faili hilo la majibu huitwa kickstart.
5. Mashine hujizima na kuwaka tena, safari hii ikiwa seva kamili.

Mfano wetu mkuu ni Cobbler. Ilianzishwa na Michael DeHaan alipokuwa Red Hat, kabla ya kuitoa Ansible, programu nyingine ya kusimamia seva, mwaka 2012. Ni ndogo kiasi kwamba mtu anaweza kuipitia yote, lakini imebeba kazi nzito: Red Hat Satellite ya kizazi cha tano na SUSE Manager ziliitumia ndani kwa ndani kuandalia mashine.

Maswali mawili ya mwaka 1994

Miaka ya mwanzo ya Linux, kila kundi lililotoa mfumo wake liliweka mafaili lilipopenda. Mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya mfumo mmoja haukumfaa mtumiaji wa mwingine. Tarehe 14 Februari 1994 watu wa kujitolea walitoa waraka wa kwanza wa kupanga saraka, uliojulikana kwa kifupi FSSTND. Mwaka 1997 ulipanuliwa na kuitwa FHS, na toleo la 3.0 likatolewa na Linux Foundation mwezi Juni 2015.

Waraka huo huuliza kila faili maswali mawili. La kwanza: linaweza kutumiwa na mashine nyingine pia, au ni la mashine hii peke yake? La pili: hubaki lilivyo mpaka msimamizi aliguse, au hubadilika lenyewe mfumo ukiendelea na kazi?

Majibu yake ndiyo yanayoyapanga matawi makuu ya mfumo:

- /usr ina vitu vitulivu ambavyo vingeweza kutumiwa na mashine nyingi: programu na maktaba zake, yaani vipande vya msimbo vinavyotumiwa na programu zaidi ya moja.
- /etc ina mipangilio, yaani maamuzi ya msimamizi kuhusu mashine hii.
- /var ina kila kinachobadilika: hifadhidata, kumbukumbu za matukio, foleni za kazi.
- /opt ni ya programu zinazoletwa na makampuni mengine zikiwa zimefungashwa na kila kitu chao.
- /srv, iliyoingia kwenye waraka mwaka 2004, ni ya vitu ambavyo mashine inawahudumia wengine.

Sasa unaelewa kwa nini programu moja husambaa. Vipande vyake havibadiliki kwa kasi moja wala kwa mkono mmoja, na kila kipande hupelekwa kwa wenzake wa tabia ile ile.

Mali ya mtengenezaji: /usr

Tuingie ndani ya seva yenye Cobbler. Kwenye /usr/bin kuna amri ya cobbler unayoiandika wewe, na cobblerd, programu inayokaa nyuma ya pazia ikisubiri maagizo. Msimbo wake wa Python umo chini ya /usr/lib, pamoja na maktaba nyingine za Python.

Kanuni ya hapa haina mjadala: soma, usihariri. Ukikuta kasoro kwenye msimbo na kuirekebisha hapo hapo, marekebisho yako yataishi mpaka siku toleo jipya litakaposakinishwa. Siku hiyo faili lako litafunikwa bila onyo, kwa kuwa hapa mtengenezaji yuko kwake na hana sababu ya kukuuliza.

Mali yako: /etc/cobbler

Faili kuu hapa ni settings.yaml, matoleo ya zamani yaliliita settings tu. Ndimo unamoandika anwani ya seva, nywila ya mwanzo ya mashine mpya ikiwa imefumbwa, na kama Cobbler isimamie DHCP au la. Jirani yake ni dhcp.template, kiolezo ambacho tutakirudia, na users.digest lenye majina na nywila zilizofumbwa za wanaoruhusiwa kuingia.

Mifumo ya vifurushi huiheshimu saraka hii. Kwenye familia ya Red Hat, faili la mipangilio ulilolihariri kwa kawaida huachwa kama lilivyo wakati wa kupandisha toleo, na lile jipya huwekwa pembeni likiwa na mkia wa .rpmnew. Debian husimama na kukuuliza. Kwa hiyo baada ya kila upandishaji tafuta mafaili ya .rpmnew na uyalinganishe na yako. Mpangilio mpya ambao toleo jipya linauhitaji huenda umo humo, haujasomwa na mtu.

Mali ya programu: /var/lib/cobbler

Hapa ndipo Cobbler huweka inachokijua. Katika matoleo ya kizazi cha tatu kuna saraka ya collections, na ndani yake saraka ndogo: distros kwa mifumo endeshi uliyoileta, profiles kwa aina za seva, systems kwa mashine zenyewe. Kila mashine ina faili lake la JSON, muundo wa maandishi unaosomeka na mtu na kompyuta pia. Humo kuna jina la mashine, anwani ya kadi yake ya mtandao na aina ya seva inayotakiwa iwe.

Mafaili hayo yanasomeka kwa jicho, lakini usiyahariri kwa mkono cobblerd ikiwa inaendelea na kazi. Unapitia amri ya cobbler, nayo inaandika.

Ndani ya /var/lib/cobbler, hata hivyo, kuna saraka mbili zinazovunja kanuni: templates na snippets. Templates ni violezo vya mafaili ya majibu, na snippets ni vipande vidogo vinavyochomekwa ndani ya violezo. Vyote viwili huandikwa na msimamizi, tena mara nyingi ndivyo vilivyomgharimu fikra nyingi zaidi. Vimekaa chini ya /var kwa sababu Cobbler nayo huweza kuvihariri kupitia kiolesura chake. Anayetunza nakala ya /etc peke yake akiamini ameshatunza kazi yake yote, kazi yake kubwa kaiacha nje.

Kumbukumbu za matukio zimo /var/log/cobbler. Mashine ikikataa kusakinika, faili la cobbler.log ndilo la kwanza kulifungua.

*Kwa ufupi mpaka hapa: /usr ni ya mtengenezaji, /etc ni yako, /var/lib ni ya programu, isipokuwa violezo ambavyo ni vyako ingawa vimekaa kwa programu.*

Baraza ya wageni: tftpboot na www

Mashine tupu haina jina, haina nywila, haina chochote cha kujitambulisha. Hata hivyo lazima ihudumiwe. Nyumba za pwani zina jibu la jambo hili: mgeni asiyefahamika hukaribishwa barazani, akapewa maji na kuulizwa hali, bila kuvuka mlango wa ndani. Saraka ya tftpboot ndiyo baraza ya seva. Kwenye Fedora na jamaa zake iko /var/lib/tftpboot, na kwenye SUSE iko /srv/tftpboot. Huduma ya TFTP hufungiwa humo ili hata anayeomba faili la mahali pengine asilipate.

Kwa nini basi kuna baraza ya pili, /var/www/cobbler? Sababu ni mwendo. TFTP ya asili hutuma vipande vya baiti 512, na kila kipande husubiri kukubaliwa kabla kingine hakijaondoka. Kerneli ya megabaiti kumi hivi huvumilika, na initrd ya megabaiti kadhaa kumi pia. Lakini DVD ya CentOS 7 ilikuwa na gigabaiti nne na ushei, na za Rocky Linux 9 zimekuwa karibu mara mbili ya hapo au zaidi. Mzigo huo hubebwa na HTTP kutoka /var/www/cobbler/distro_mirror. Programu imegawa mali yake mara mbili kwa sababu kuna njia mbili za kuisafirisha.

Tusogee karibu tuone kinachotokea ndani ya tftpboot, kwenye saraka ndogo ya pxelinux.cfg. Programu ya kuanzishia iitwayo PXELINUX ikishafika kwenye mashine, hutafuta faili la maelekezo kwa utaratibu maalumu. Tuseme mashine imepewa anwani 192.168.10.25. Mashine ikiwa na namba ya utambulisho ya kiwandani, kwanza huomba faili lenye namba hiyo. Kisha huomba faili lenye anwani ya kadi yake ya mtandao, likitanguliwa na 01 kuonyesha kwamba kadi ni ya aina ya Ethernet, mfano 01-52-54-00-ab-cd-ef. Likikosekana, hugeuza anwani yake ya mtandao kuwa namba za msingi wa kumi na sita, na kuanza kupunguza tarakimu moja moja kutoka mwisho:

- C0A80A19
- C0A80A1
- C0A80A
- C0A80
- C0A8
- C0A
- C0
- C
- default

Utaratibu huo una manufaa makubwa. Faili lenye anwani ya kadi huipa mashine moja maelekezo yake peke yake. Faili liitwalo C0A80A huzihudumia mashine zote za 192.168.10. Default hupokea waliobaki. Majina ya mafaili yenyewe yameshika kazi ambayo kwingine ingehitaji hifadhidata. Ukikuta mashine mpya inasakinisha mfumo usioutarajia, pitia orodha hii kuanzia juu. Faili la kwanza utakalolikuta ndilo lililoiongoza.

Kuna onyo moja linaloambatana na baraza. Kilichowekwa hapo kihesabu kwamba kimeshasomwa na kila aliye kwenye mtandao huo. Faili la majibu hutolewa bila nywila, na ndani yake mara nyingi kuna nywila ya mkuu wa mfumo iliyofumbwa. Aliye na subira anaweza kujaribu kuifumbua. Ndiyo maana mtandao wa kuandalia seva hutengwa na mitandao ya wafanyakazi na wageni, na nywila ya mwanzo hubadilishwa mara mashine inapoanza kazi.

Faili lililo /etc lakini si lako

Tumeona violezo vyako vikiwa /var. Kuna na kinyume chake, nacho ndicho kinachowakwaza wengi.

Tuseme umeruhusu Cobbler isimamie DHCP. Kesho yake unataka kuongeza kundi jipya la anwani. Unajua DHCP husoma /etc/dhcp/dhcpd.conf, na umeshajifunza kwamba /etc ni yako. Unafungua, unaongeza, unawasha upya huduma, inafanya kazi vizuri. Wiki ikiisha mwenzako anasajili mashine mpya na kuandika cobbler sync, amri inayoagiza Cobbler ijenge upya mafaili yote inayoyasimamia. Mistari yako inapotea, na ofisi iliyokuwa ikiitegemea inakosa anwani.

Faili lile lilishahamishwa umiliki siku uliporuhusu Cobbler ilisimamie. Mistari yake ya juu kabisa husema hivyo wazi: faili hili huzalishwa kutokana na kiolezo, fanya mabadiliko kwenye /etc/cobbler/dhcp.template. Kiolezo ni chako, zao lake ni la programu. Vivyo hivyo kwa saraka ya tftpboot: kila sync huifuta sehemu kubwa na kuijenga upya.

Mahali faili lilipo hukupa dhana ya kwanza tu kuhusu mmiliki wake. Kabla hujahariri chochote, soma mistari mitano ya juu.

Mtindo wa pili: kila kitu ndani ya /opt

Programu za makampuni makubwa mara nyingi hupita njia nyingine. Mwaka 1999 Marc Andreessen, Ben Horowitz na wenzao walianzisha kampuni ya Loudcloud, iliyoendesha seva za makampuni mengine. Mwaka 2002 waliiuzia EDS biashara ya kuendesha seva, wakabaki na programu waliyoiandika kwa kazi hiyo, na kampuni ikaitwa Opsware. HP iliinunua mwaka 2007 kwa dola bilioni 1.6 hivi za Marekani.

Programu hiyo ilikaa /opt/opsware. Mipangilio yake ilikuwa /etc/opt/opsware, na data zake zinazobadilika /var/opt/opsware. Hayo ni maelekezo ya FHS neno kwa neno: kifurushi kinachokaa /opt kiweke mipangilio yake /etc/opt na data zake /var/opt, chini ya jina lake.

Sababu yake inaeleweka. Opsware ilipaswa kufanya kazi kwenye Linux, Solaris, AIX na HP-UX. Haikuweza kutegemea kwamba kila mfumo una maktaba inazozihitaji, kwa hiyo ilizibeba zake, hadi Python yake yenyewe. Kwenye mfumo wowote ule msimamizi alijua pa kuikuta. Gharama yake ni kwamba kasoro ya usalama ikigunduliwa kwenye maktaba iliyobebwa, masasisho ya kawaida ya mfumo hayaigusi. Unamsubiri mtengenezaji.

Mgawanyo wa watatu haukuvunjika hata hapo: msimbo kwake, mipangilio kwake, data kwake.

Mgawanyo huo unaonekana pia kwa mrithi wa ile Satellite tuliyoitaja mwanzoni. Red Hat Satellite 6, iliyotoka mwaka 2014, iliachana na Cobbler na kujengwa juu ya mradi wa Foreman. Mipangilio imo /etc/foreman, hifadhidata imo /var/lib/pgsql, na hazina ya vifurushi imo /var/lib/pulp. Nyaraka zake zimependekeza angalau gigabaiti 300 kwa hiyo hazina peke yake. Na ule mtego wa faili linalozalishwa umo pia: mipangilio mingi huandikwa na kisakinishi cha satellite-installer, na ulichohariri kwa mkono huondolewa kisakinishi kikiendeshwa tena. Ukishauelewa kwenye Cobbler, hutashangaa kwingine.

Siku tatu ambazo elimu hii hulipa

*Siku diski inapojaa.* Anza na df -h uone ni sehemu ipi imejaa, kisha du -sh * ndani yake uone saraka ipi imemeza nafasi. Mara nyingi ni distro_mirror. Usikimbilie kufuta kwa rm. Ukifanya hivyo, faili la JSON chini ya collections litaendelea kudai kwamba mfumo upo, na mashine inayofuata itaelekezwa pasipo na kitu. Hakikisha kwanza hakuna mashine inayoutegemea mfumo huo, uondoe kwa amri ya cobbler distro remove, kisha angalia kama nafasi imerudi. Na wakati wa kujenga seva mpya, ipe /var sehemu yake ya diski, ili hazina ya vifurushi ikijaa isiuzuie mfumo mzima kuandika.

*Siku ya kupandisha toleo.* Cobbler ilipovuka kutoka kizazi cha pili kwenda cha tatu, saraka ya kickstarts ilibadilishwa ikawa templates, na ks_mirror ikawa distro_mirror. Hati za amri zilizoandikwa na wasimamizi zikiwa na njia za zamani zilianza kukosa mafaili. Kabla ya kupandisha, tafuta kwenye hati zako kila mahali ulipoandika njia ya saraka, na ulinganishe na maelezo ya toleo jipya.

*Siku seva inapokufa.* Gawanya vitu vyako hivi:

- Tunza nakala kila siku: /etc/cobbler na /var/lib/cobbler.
- Tunza ikiwa unahitaji matoleo yale yale ya vifurushi: repo_mirror, saraka yenye nakala za hazina za vifurushi za mtandaoni, kwa kuwa hazina hizo hubadilika na kilichokuwapo jana huenda kisiwepo leo.
- Andika orodha tu: DVD ulizoziingiza, kwani zinaweza kuingizwa tena.
- Acha: /usr na tftpboot. Ya kwanza hurudishwa na kisakinishi, ya pili hurudishwa na cobbler sync.

Fumba nakala hizo kwa nywila. Mafaili ya systems yanaweza kuwa na nywila za kuzimia na kuwashia mashine kwa mbali, tena zikiwa wazi.

Uliza mfumo wenyewe

Hupaswi kukariri yote haya. Mfumo wa vifurushi huweka daftari la kila faili ulilolileta. Kwenye familia ya Red Hat:

- rpm -ql cobbler huorodhesha mafaili yote yaliyoletwa na kifurushi.
- rpm -qc cobbler huorodhesha ya mipangilio tu.
- rpm -qf ikifuatiwa na njia ya faili hutaja kifurushi kinachomiliki faili hilo.
- rpm -V cobbler huonyesha mafaili yaliyobadilika tangu yaliposakinishwa.

Kwenye Debian na Ubuntu, dpkg -L hufanya kazi ya orodha, na dpkg -S hufanya kazi ya kumtaja mwenye faili.

Amri ya mwisho kwenye orodha ya rpm ni rafiki mkubwa wa anayerithi seva ya mwingine. Ikionyesha kwamba faili chini ya /usr limebadilika, jua kwamba aliyetangulia aliingia kwenye mali ya mtengenezaji, na kwamba upandishaji ujao utafuta kazi yake. Na rpm -qf ikijibu kwamba faili halina kifurushi, basi limezalishwa na programu au limeandikwa na mtu. Hapo ndipo pa kuuliza maswali.

Muhtasari wa sura

1. Programu husambazwa kwenye saraka nyingi kwa sababu vipande vyake vina wamiliki tofauti na hubadilika kwa kasi tofauti.
2. /usr ni ya mtengenezaji, /etc ni ya msimamizi, /var ni ya programu ikiwa kazini.
3. Saraka zinazotolewa kwa wageni bila nywila zichukuliwe kuwa za hadharani.
4. Violezo vinaweza kuwa chini ya /var na bado vikawa vyako. Faili linaweza kuwa chini ya /etc na bado likawa la programu.
5. Nakala hutunzwa kwa kile kisichoweza kuzalishwa upya.

Taasisi nyingi huitegemea seva ya kuandalia seva kwa miaka, na mtu aliyeijenga akiondoka, elimu yake huondoka naye. Si lazima iwe hivyo. Chukua ukurasa mmoja, andika kila saraka ambayo programu yako inaitumia, na mbele ya kila moja andika nani anayeibadilisha na itarudishwaje ikipotea. Ukishindwa kujaza mstari wowote, mstari huo ndio kazi yako ya wiki hii. Ukurasa ukikamilika, uweke pamoja na nakala za seva, umpe na mwenzako ausome. Atakayekuja baada yenu hatalazimika kuuliza programu imekwenda wapi.